Kuandaa shamba dogo la maua kabla ya mvua za Machi: tunavyofanya huku Kapchorwa

Ukitaka kuandaa shamba la maua ya kukata, usianze na jembe. Anza na kalenda ya kanisa, ufuate tangi la maji, na jembe lije nyuma ya hayo mawili. Kila mwaka mvua zikikaribia, ndugu na majirani hunipigia simu kuuliza wapande nini, na wengi wao wameshalima tayari. Ardhi iko wazi, jua la Januari linaikausha, na bado hawajui ua la kwanza watamuuzia nani.

Shamba letu ni robo ya eka, liko kwenye mteremko upande wa Sipi, chini ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Tunalishughulikia mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto. Tuna gladiolasi kwa wingi (yale maua yanayopangana kwenye shina moja refu), kala nyeupe, waridi kiasi, alizeti za kukata, na majani ya kupambia. Tunauza Kapchorwa mjini na Mbale, kwa wapambaji wa harusi, makanisa, hoteli chache, na wanaofiwa. Mashamba makubwa yanayopeleka maua Ulaya yako kule chini karibu na Ziwa Victoria, upande wa Entebbe na Mukono, na yana nyumba za plastiki na vyumba vya baridi. Haya ninayoandika ni ya mtu mwenye robo ya eka, ndoo, na familia.

Hesabu kutoka Pasaka kurudi nyuma

Huku kwetu kiangazi ni Desemba hadi Februari. Mvua hushika Machi na huendelea hadi Oktoba au Novemba, zikipungua kidogo katikati. Mkulima wa mahindi hungoja mvua na hufanya vizuri. Mkulima wa maua akingoja mvua ndipo apande, atakata ua lake la kwanza Juni, na soko la kwanza la mwaka litakuwa limeshapita.

Soko hilo ni Pasaka. Wakati wa Kwaresima Wakatoliki hawapambi altare kwa maua, isipokuwa Jumapili ya nne na siku kuu zinazoangukia humo. Harusi nazo husimama kwa wengi. Basi wiki zote hizo ndoo zako zinakaa tupu, halafu ghafla, kuanzia Alhamisi Kuu, kila parokia inataka maua meupe na ya manjano, na Jumamosi zinazofuata harusi zilizokuwa zimesubiri zinafunguliwa kwa mkupuo. Mwenye maua wiki hiyo anauza bila kubembeleza mtu.

Tatizo ni kwamba Pasaka inahama. Inaweza kuangukia popote kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, mwaka 2028 ni 16 Aprili. Gladiolasi, kwa baridi ya mwinuko huu wetu, huchukua siku 90 hadi 100 kutoka kupandwa hadi kukatwa, kutegemea aina. Chukua 95. Ukitaka kukata Alhamisi Kuu ya 2027, yaani tarehe 25 Machi, unapanda karibu tarehe 20 Desemba. Kwa 2028 unapanda karibu tarehe 9 Januari. Ukishika tarehe moja kila mwaka kwa mazoea, mwaka mmoja maua yatakuwa yamechanua katikati ya Kwaresima na huna pa kuyapeleka.

Kwa kuwa mawingu na baridi havina mkataba na mtu, tunagawa upandaji wa Pasaka mara tatu, wiki moja moja: fungu la kwanza wiki moja kabla ya tarehe tuliyohesabu, la pili siku yenyewe, la tatu wiki moja baadaye. Fungu moja litapiga Alhamisi Kuu sawasawa. Lililotangulia linaweza kuvumilia siku kadhaa mahali penye ubaridi likiwa bado matumba, na lililochelewa linaingia kwenye harusi.

Waridi nazo zina hesabu yake. Ukipogoa leo, unakata maua baada ya wiki sita hadi nane, na sisi kwa baridi yetu tunahesabu nane. Kwa Pasaka ya 2027 hiyo ni mwisho wa Januari. Kala hatuihesabii hivyo, maana ikishika mahali pake inatoa maua kwa miezi mingi, alimradi miguu iwe na unyevu.

Haya yote yaandike kwenye daftari mwezi wa kumi na moja, ukutani kama unaweza, familia nzima iyaone. Upandaji mkubwa wa shamba ubaki Machi pamoja na mvua, ndio utakaokupa maua ya Juni na Julai, na mwingine Septemba kwa ajili ya harusi na sherehe za Desemba. Lakini tuta la Pasaka ndilo linaloamua kazi zote za kiangazi.

Maji: pima kabla ya kuamua ukubwa wa tuta

Tuta la Pasaka hukua wakati hakuna mvua. Kwa hiyo ukubwa wake haupangwi na ardhi uliyonayo, unapangwa na maji. Jua la Januari linahitaji lita nne hadi tano kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita 20 linakunywa lita 80 hadi 100, yaani jerikeni nne au tano za lita 20, kila siku. Kwenye tuta hilo, ukipanda mistari mitatu na kuacha sentimita 15 kati ya tunguu na tunguu (tunguu ndiyo mbegu ya gladiolasi, mfano wa kitunguu), unaingiza matunguu 400. Tangi la lita 5,000 lililojaa litalihudumia siku hamsini hivi. Sasa unajua ukweli wako: kama una tangi moja na huna kijito, panda tuta moja la Pasaka, usipande matatu ukitegemea kwamba Mungu atafanya.

Tangi hilo lijae Novemba, mvua zikiwa bado zipo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita kumi jioni moja, inakupa lita 400. Safisha mifereji ya bati mwezi wa kumi, toa majani na viota, na maji ya dakika za mwanzo yaachie yamwagike maana yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi liwe juu ya matuta, mteremko ufanye kazi ya pampu. Sisi tuna mipira ya matone kwenye tuta la Pasaka tu. Kwingine tunamwagilia kwa kopo, asubuhi, shinani, bila kulowesha majani.

Walio karibu na mto wakumbuke kwamba sheria ya Uganda inataka mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo ziachwe bila kulimwa, na mito mikubwa iliyotajwa kwenye kanuni ina mita 100. Najua pale ndipo kala hupendeza zaidi. Chimba mtaro nyumbani unaopokea maji ya kuogea na ya bati, panda kala humo. Zinashukuru vilevile.

Mteremko

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu tunaishi Elgon. Machi 2010 udongo uliporomoka Bududa na kufunika watu wengi sana. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli, wilaya inayopakana na yetu. Hakuna ua lenye thamani ya kukata miti iliyoshika mlima. Mahali penye mteremko mkali usilime kabisa, paache na miti na majani ya ng'ombe.

Mahali panapolimika, matuta yakate mteremko, yasiushuke. Kupata mstari uliolala sawa, tunatumia fremu ya miti. Chukua miti miwili ya mita mbili, ifunge juu ili miguu iachane, weka mti wa tatu katikati kwa kulala, kisha ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka pale juu. Isimamishe mahali palipo sawa, weka alama kamba inapogusa mti wa kulala, geuza miguu, weka alama nyingine; katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nayo shambani: mguu mmoja unakaa, mwingine unatafuta mahali ambapo kamba inagusa katikati, mtoto anachomeka kijiti, unageuza, unasonga. Mwanangu wa darasa la sita anaifanya kazi hii vizuri kuliko mimi kwa sababu hana haraka.

Kwenye vijiti hivyo tunachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Ni fanya juu, ile ile wanayoifanya Wakamba wa Machakos. Kwenye ukingo tunapanda matete, yanashika udongo na ng'ombe anakula. Mtaro lazima uwe na mahali pa kutolea maji yaliyozidi. Maji yakituama yanazama na kuulainisha mlima kwa ndani. Na pale yanapotokea pasiwe kwa jirani. Mkubaliane kwanza, ikibidi mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla mvua haijawagombanisha.

Udongo na chakula chake

Udongo wetu wa volkano ni mwekundu, mwingi, na watu huufikiri hauchoki. Unachoka. Mvua nyingi huosha chokaa yake na kuuacha na tindikali, na gladiolasi na waridi zinataka pH (kipimo cha tindikali) ya 6 hadi 6.5. Peleka udongo upimwe angalau mara moja kabla ya kununua mbolea yoyote. Kituo cha utafiti cha Buginyanya kiko Bulambuli na kinahudumia ukanda huu wetu, na maabara kubwa ya udongo iko Kawanda karibu na Kampala. Chota kutoka sehemu kumi au zaidi za shamba kwa kina cha jembe, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo. Wakikuambia weka chokaa ya kilimo, iweke miezi miwili kabla ya kupanda, inahitaji muda.

Samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi. Iozeshe miezi mitatu pamoja na majani na maganda ya kahawa. Kuna na tithonia, ile yenye maua ya manjano inayojiotea kwenye mipaka na kando ya barabara zote za huku. Majani yake yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi, na ni bure. Kata mabua mabichi kabla hayajatoa maua, katakata kwa panga, zika kwenye tuta wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Hii ni kazi ya mume wangu na anaipenda, kwa sababu akimaliza anaona mpaka wa shamba nao umekuwa safi.

Jambo moja ambalo wengi huku hawalijui: usipande maharage kando ya gladiolasi. Kuna kirusi cha maharage ambacho vidukari hukibeba kutoka jani hadi jani, na kikiingia kwenye gladiolasi maua hutoka na michirizi na matunguu yanabaki na ugonjwa huo miaka yote. Mahindi au kabichi vinaweza kukaa jirani bila shida. Na tuta lililokuwa na gladiolasi lipumzike miaka mitatu au minne, maana ukungu unaoozesha matunguu hukaa udongoni muda mrefu ukisubiri.

Matunguu

Hapa ndipo nataka ukae, kwa sababu ua la gladiolasi limeshaamuliwa nusu yake kabla hujafungua ardhi.

Mwisho wa Novemba tunatandika turubai kivulini, mama mkwe anaketi upande mmoja, mimi mwingine, na kikapu kinamwagwa katikati. Unachukua tunguu moja, unamenya ganda kavu la kahawia. Chini yake kuna mabaki ya tunguu la mwaka uliopita, limenywea na kukauka. Likiwa limekaushwa vizuri linabanduka kwa kidole gumba na kuacha kitako safi. Sasa kitazame hicho kitako. Kikiwa na rangi ya krimu na vidutu vidogo vinavyozunguka, hapo ndipo mizizi itatokea, na tunguu liko tayari kuamka. Kikiwa na doa la kahawia linalozama ukilibonyeza, au pete nyeusi, huo ni uozo. Usilikate ukabakiza upande mzima. Litoe, likachomwe, usilitupe kwenye mboji.

Kisha pima unene. Tunguu la kutoa ua zuri lina upana wa sentimita tatu na nusu au zaidi. Lakini upana peke yake hudanganya. Kati ya tunguu pana lililo bapa na dogo lililonona kwenda juu, chukua lililonona, lile bapa limezeeka. Madogo sana na vile vitoto vinavyoning'inia kitakoni tunavitenga kwenye kitalu chao, tukiviloweka usiku kucha kwanza kulainisha ganda. Vitahitaji msimu mmoja au miwili kabla ya kutoa ua la kuuza, na hiyo ndiyo njia ya familia isiyo na mtaji kuongeza shamba bila kununua.

Tunguu lina usingizi wake. Likichimbuliwa leo halioti kesho, linataka kama miezi mitatu ya kupumzika mahali pakavu penye hewa na ubaridi, kwenye vikapu au trei, kamwe si ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kwa hiyo yaliyotoa maua Juni, tukayachimbua Agosti, ndiyo yanayokuwa tayari kwa Desemba. Yaliyotoa maua Pasaka tunayachimbua mwishoni mwa Mei na yanapandwa Septemba. Mafungu haya mawili yanapishana hivyo mwaka mzima, na kila kikapu kina kibao cha tarehe.

Siku ya kupanda tunaloweka matunguu nusu saa kwenye dawa ya ukungu ya mankozebu kwa kipimo cha kwenye pakiti, glavu mkononi, watoto mbali. Dawa nunua kwenye duka lenye leseni, pakiti iwe imefungwa na tarehe isomeke. Kina cha kupanda ni sentimita kumi hadi kumi na mbili. Ukipanda juu juu, shina likibeba ua litalala na upepo wa kwanza.

Kwa wanaovuka Suam kwenda Kitale kununua mbegu: matunguu yanaingia nchini kwa kibali cha wizara ya kilimo na cheti cha afya ya mimea. Kuna kutu ya gladiolasi, inayoacha vipele vya rangi ya machungwa vikipita jani kwa upana badala ya kwa urefu, na ikiingia shamba moja kijiji kizima kitaijua. Ukiona vipele hivyo, ng'oa na uchome siku hiyohiyo.

Baada ya kuota, simamia maji hasa kuanzia jani la tatu hadi la sita. Shina la ua linajengwa ndani wakati huo, nawe huoni kitu. Kiu ya wiki hizo hailipiki baadaye. Jani la tano likitoka, pandisha udongo shinani, piga miti pembeni mwa tuta, na zungusha kamba za katani mara mbili kwa kimo.

Mengine kwa kifupi

Waridi: Januari toa matawi yaliyokufa, membamba kuliko penseli, na yanayogombana katikati. Kata juu ya jicho linalotazama nje. Mkasi uchovye kwenye spiriti kila ukihama mche. Mwinuko wetu unatoa waridi zenye kichwa kikubwa, zile za kando ya ziwa ni ndogo kwa sababu kule ni joto. Lakini mvua zikishika, kuvu ya kijivu inakula matumba. Kama huna hata paa dogo la plastiki, usiweke waridi nyingi.

Krisanthemamu wengi wananiuliza. Mmea huu huchanua usiku ukiwa mrefu, na hapa karibu na ikweta usiku ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo unachanua ungali mfupi kama mboga. Wenye mashamba makubwa huwasha taa usiku wiki za mwanzo ili ikue kwanza. Kama una sola na taa za kutosha, jaribu tuta moja. Sisi tumeiacha.

Alizeti za kukata panda chache kila baada ya wiki mbili, tena zilizosongamana, sentimita 15, ili kichwa kiwe kidogo kinachoingia kwenye chombo cha maua. Majani ya kupambia yasisahaulike. Mpambaji anayekuja kwa maua akakuta na majani hana sababu ya kupita kwa mwingine.

Mikono

Shule za Uganda hufunga Desemba na Januari, watoto hurudi mapema Februari. Kazi nzito zote tunazipanga ndani ya likizo hiyo: mitaro, kubeba samadi, kupanda tuta la Pasaka, kukarabati banda. Februari tunabaki watu wazima watatu na kumwagilia tu.

Kila mtoto ana mistari yake, na pesa ya mistari hiyo ni yake, inanunua daftari na viatu, na anaiona ikihesabiwa. Mama mkwe ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ua gani limefaa kuuzwa. Mimi nashika daftari na simu ya pesa. Haya tuliyasema wazi tukiwa tumeketi wote, kwa sababu maua huuzwa kwa pesa taslimu kila wiki, si kama kahawa ya mara moja kwa mwaka, na pesa ya kila wiki isiyo na mwenyewe huvunja nyumba. Wanawake wenzangu mnaolima ardhi ya ukoo, zungumzeni na waume zenu kabla ya kupanda waridi, mmea unaokaa miaka mingi. Msingoje shamba linawiri ndipo muulizane ni la nani.

Ndoo, kivuli na njia ya Mbale

Banda la kuhifadhia tunalitengeneza Januari. Kuta zake ni waya wa kuku mara mbili, katikati sentimita kumi za mkaa, na juu mpira wenye matundu unaodondosha maji. Hewa ikipita kwenye mkaa uliolowa inapoa. Kiangazi linasaidia sana. Mvua zikianza hewa inakuwa na unyevu na linapoa kidogo tu, lakini wakati huo baridi ya usiku inatutosha.

Ndoo zioshwe kwa sabuni na jiki hadi ndani iwe safi kiasi cha kunywea. Maji machafu huziba shina, na mteja wa Mbale ataona ua limeinama Jumapili asubuhi mbele ya waumini wote. Maji ya kukalia maua tunayatengeneza hivi kwa lita moja: kijiko kidogo cha sukari, vijiko vidogo viwili vya maji ya ndimu, kijiko kidogo cha jiki. Maji yatangulie ndooni. Jiki na ndimu visikutane vitupu, vinatoa hewa inayochoma mapafu.

Gladiolasi ikate asubuhi, ua la chini kabisa likianza kuonyesha rangi, ukiacha majani manne ardhini yalishe tunguu la mwaka ujao. Isafirishe imesimama. Ukiilaza kwenye taksi, ncha zitajikunja kutafuta juu, na hazinyooki tena. Tunalipia ndoo kiti chake kama abiria, nyuma kabisa, na dereva tumemzoea. Muulize pia amebeba nini kingine: ndizi zinazoiva hutoa gesi inayozeesha maua, na gari la kwenda Mbale lisilo na ndizi ni nadra, kwa hiyo ndoo ikae upande wa dirisha lililo wazi, mbali na mikungu.

Na wateja? Waite wiki ya Jumatano ya Majivu, wakati hakuna anayewaza maua. Mwambie mhudumu wa altare na kila mpambaji rangi ulizo nazo tuta kwa tuta, chukua oda kwa idadi ya mashina, na omba nusu ya malipo mapema. Kwa Pasaka ya 2027 Jumatano hiyo ni tarehe 10 Februari. Gladiolasi za fungu la kwanza zitakuwa kwenye jani la tano au zaidi, na utakuwa umeshahesabu ngapi zimesimama.